Mtu wa Daladala Ndani ya Matatu: Vidokezo 14 vya Nairobi

Mtanzania akienda Guangzhou kufuata mzigo huuliza kila kitu. Tiketi inakatwa wapi, treni hii inaelekea wapi, hili lango ni la kuingilia au la kutokea. Anauliza kwa sababu anajua kwamba hajui. Mtanzania huyo huyo akishuka Nairobi haulizi. Kwani kuna nini? Ni jirani hapo tu, Kiswahili kinasemwa, magari yanapita kushoto, na shilingi ni shilingi. Anajitosa ndani ya gari la kwanza lililosimama mbele yake, na nusu saa baadaye yuko Kangemi, hali alikuwa anakwenda Karen.

Mtanzania huyo ni mimi. Nina wifi Mkenya, kaka yangu kamwoa na wanaishi Ongata Rongai, kwa hiyo Nairobi naenda mara mbili tatu kwa mwaka. Kila safari najiambia kwamba sasa matatu nimezielewa, na kila safari zinanikumbusha kwamba bado. Vidokezo hivi ni vya mtu aliyekulia kwenye daladala za Dar. Wa Arusha na Mwanza mtajipimia wenyewe.

1. Uliza namba, halafu uliza na jina

Sisi tumezoea kusoma maneno kwenye kioo cha mbele: Tegeta, Mbagala, Gongo la Mboto. Nairobi watu wanaongea kwa namba. Mwenyeji hakwambii upande gari la Ngong, anakwambia chukua 111. Kawangware ni 46, Buruburu ni 58, Kibera ni 8, Rongai ni 125, na ile ya kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ni 34. Nyingi ya namba hizi ni urithi wa mabasi ya KBS, kampuni iliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 1934, na zimekaa sana hata zikazaa mitaa. Kuna Githurai 44 na kuna Githurai 45, vitongoji viwili vilivyobatizwa kwa namba za mabasi yaliyokuwa yakienda huko.

Halafu kuna ile wanayoiita 1960, ya upande wa Kayole. Nilimwuliza wifi ni jambo gani kubwa lilitokea mwaka huo mpaka likapewa gari. Alicheka njia nzima. Ni 19 na 60 zilizoandikwa pamoja.

Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa magari ya namba moja yanaweza kupita njia tofauti kabla ya kufika mwisho. Shika namba kichwani, na ukifika mlangoni mtajie konda jina la mahali unapokwenda. Akisita kujibu, usipande.

2. Usitafute stendi kuu

Katikati ya mji, ambako wao wanakuita tao, hakuna stendi moja ya magari yote. Kuna steji, nyingi, na kila moja ina ruti zake: Kencom, Odeon, Koja, Railways, Ambassadeur, GPO, na Ngara kwa wanaoelekea barabara ya Thika. Usihangaike kutafuta vibao vyenye majina hayo. Odeon ilikuwa sinema, Kencom na Ambassadeur ni majengo, Koja ni msikiti wa Makhoja ulio jirani na steji. Mtu aliyewahi kushushwa Magomeni Mapipa bila kuona pipa hata moja hawezi kulalamika.

Jambo la kuangalia ni kwamba wakuu wa jiji hupenda kuzihamisha. Steji uliyopandia mwaka jana unaweza kuikuta imejaa magari ya upande mwingine kabisa. Kwa hiyo uliza siku hiyo hiyo, na uchague wa kumwuliza. Mimi huwauliza masoja, yaani walinzi wanaokaa kwenye milango ya majengo. Wamesimama pale kutwa nzima, wanajua kila gari linakotoka, na hawalipwi kwa kichwa chako. Yule kijana aliyekwishashika begi lako kabla hujamaliza kusema unakwenda wapi, huyo analipwa.

3. Nauli husemwa mlangoni

Hapa ndipo watu wa Dar tunapoumia zaidi. Kwetu nauli inapangwa na LATRA, ikipanda inatangazwa redioni, na konda akikuongezea hata shilingi mia gari zima linamgeukia. Nairobi hakuna wa kumgeukia. Magari yako chini ya sacco, yaani vyama vya wenye magari, na nauli inapanda na kushuka kwa saa, kwa wingi wa watu waliosimama steji, na zaidi ya yote kwa mawingu. Ruti moja nimewahi kuilipia hamsini saa tano asubuhi na mia saa kumi na mbili jioni siku hiyo hiyo. Tone la mvua likianguka, konda anatazama juu kabla hajataja bei.

Ukifikiri, ni kichekesho, maana magari yote mawili yalipewa majina na nauli. Matatu, kama wazee wanavyosimulia, ni sarafu tatu za senti kumi alizokuwa akilipa abiria zamani. Daladala ni dola, yaani ile sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli miaka ya 1980. Majina yamebaki, nauli zimeondoka.

Basi msikilize anayeita. Bei anayoitaja pale mlangoni ndiyo bei, na ukiingia umeikubali. Ikikuudhi, simama pembeni usubiri gari jingine, pengine lina watu wachache na litashusha. Asipoitaja, uliza kabla hujaweka mguu ndani. Ukishakaa na gari likatoka, hata uwe na hoja za wakili, utalipa.

4. Hamsini yao si hamsini yetu

Ukisikia "hamsini, hamsini!" moyo wa mtu wa Dar unatulia, kwa sababu hamsini kwetu haimnunulii mtoto hata pipi ya maana. Kumbuka shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi ishirini za kwetu. Hamsini ile ni kama elfu moja. Mimi siku ya kwanza nilipanda magari manne kuzunguka mjini kana kwamba ni bure, jioni nikapiga hesabu nikanyamaza.

Tena utaisikia hamsini ukiwa na bahati. Mara nyingi utasikia finje. Kumi ni ashu, ishirini ni mbao, mia ni soo, elfu ni thao au ngiri. Noti ya mia tano ni jirongo, jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo, ambaye noti hiyo ilihusishwa naye tangu uchaguzi wa mwaka 1992. Hakuna cha ajabu hapo. Mgeni akishuka Dar naye anakutana na jero na buku, na akiambiwa alipe msimbazi anauliza msimbazi ni nini. Kariri mbao, finje na soo, hizo tatu ndizo zitakazokutosha ndani ya gari. Konda akipiga kelele "tao mbao", maana yake ni mpaka mjini kwa ishirini, na siku hizi ukiisikia bei hiyo kimbia ukapande.

5. Chenji ina adabu zake

Ingia na pesa ndogo. Ukiwa nazo kamili, ruka kidokezo hiki.

Ukitoa noti kubwa, konda ataichukua, ataikunja katikati ya vidole pamoja na zingine, na atasema "utapata". Utapata kweli, mara nyingi. Lakini yeye ana watu thelathini na wewe una kituo kimoja, kwa hiyo ni juu yako kumkumbusha, tena mapema, si gari likishasimama. Wenyeji hawaoni haya. Utasikia mtu wa nyuma kabisa akidai "konda, change!" kila baada ya dakika mbili kama saa ya ukutani, na hakuna anayemwona mkorofi. Sisi tuliofundishwa kusubiri kwa staha ndio tunaoshuka mikono mitupu.

Kisha kuna mtindo wa kugawana, ambao sijauona kwingine kokote. Nilitoa mia mbili kwa nauli ya themanini, na mama aliyekaa pembeni yangu naye akatoa mia mbili. Konda alipita, akaniwekea mkononi noti ya mia mbili na sarafu mbili za ishirini. "Wewe na huyo, mgawane." Akaondoka zake, deni limekwisha. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa: mia na ishirini kila mmoja. Kilichokosekana ni mkasi. Mimi nashuka steji ya mbele, yule mama anaendelea mbali. Tulishuka wote wawili, tukatafuta kibanda, tukanunua ndizi ambazo hakuna aliyezitaka, tukagawana hela, tukagawana ndizi, naye akasimama kusubiri gari jingine kwa nauli ambayo nilijitolea kulipa. Tangu siku hiyo nikisikia konda akipiga hesabu ya mtu na jirani yake, nashika sarafu zangu mapema.

6. M-Pesa yako si M-Pesa yao

Makonda wengi wanapokea nauli kwa simu, na hiyo huondoa kabisa habari ya kugawana noti. Lakini jina lisikudanganye. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu ikafika mwaka 2008, na akaunti ya laini ya Tanzania si ile ya Kenya. Kutuma kutoka upande mmoja kwenda mwingine kunawezekana tangu mwaka 2015, ila jaribu kufanya hivyo konda akiwa amekuinamia, mtandao ukizunguka, na watu watano nyuma yako wanataka kushuka. Sajili laini ya Kenya kwa pasipoti yako siku ya kwanza, weka fedha kidogo, na ukishalipa usifute meseji. Konda atarudi baadaye akikagua viti, na meseji ndiyo tiketi yako.

7. Kiswahili chako kitakuponza

Nilimwomba konda anishushe kipilefti. Akanitazama. Nikarudia taratibu, nikivuta silabi moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema: ki-pi-le-fti. Mzee wa kiti cha mbele ndiye aliyeniokoa. "Anamaanisha raundabauti," alisema bila kugeuka, na gari zima likapata burudani.

Hakuna aliyekosea pale. Ni kwamba maneno ya barabarani ndiyo yanayotofautiana kuliko mengine yote, na ndiyo unayoyahitaji kwa haraka. Foleni wao wanaiita jamu. Bajaji ni tuktuk. Pikipiki ni boda kama kwetu, ila vijana husema nduthi. Ukiambiwa "songa", sogea. Konda ni konda, lakini pia ni makanga au kange, na dereva ni dere. Matatu yenyewe ni mathree, kwa sababu tatu ni tatu kwa lugha yoyote. Ukitaka kushuka, "shusha" yako wataielewa, ingawa utasikia zaidi "shukisha", au mtu atagonga tu bati la dari kwa sarafu.

Neno hatari kuliko yote halina ugeni wowote. Ni "saa hii". Ukiuliza gari linatoka lini utaambiwa linatoka saa hii, na injini inanguruma kweli, na dereva anasogeza gari hatua mbili mbele na hatua mbili nyuma kama farasi wa mashindano. Linatoka likijaa. Usihesabu vichwa ukaona vimetosha, maana baadhi ya waliokaa mle hawaendi popote. Ni wapiga debe wa steji, kamagera, wamekaa ili gari lionekane karibu kujaa. Wewe ukiingia, wao wanashuka mmoja mmoja. Mara ya kwanza nilidhani ni mimi ninayewafukuza.

Na "naomba" yetu? Itumie, wanaipenda. Nikisema "samahani kaka yangu, naomba unisaidie kunishusha pale mbele", vichwa vinageuka, na lazima mtu aulize, "Wewe ni wa Bongo?" Nimeshapata marafiki kwa njia hiyo. Tatizo ni urefu. Safari moja, ombi langu lilipofika kwenye kitenzi, steji ilikuwa imeshapita. Sasa naanza na kitenzi: "Nishukishe hapo!" Shukrani nazitoa nikiwa chini.

8. Kiti ni chako

Mtu aliyewahi kusimama kwa mguu mmoja kutoka Posta hadi Mbagala, uso wake kwenye kwapa la mtu asiyemjua, atashangaa kwamba kwenye matatu ndogo ya abiria kumi na wanne kila mtu anakaa. Hiyo ni kazi ya John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Kanuni alizozitangaza mwaka 2003 zilianza kutekelezwa Februari 2004: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni, sare kwa dereva na konda, na marufuku ya kujaza watu. Nchi nzima ilitembea kwa miguu siku kadhaa, kwa sababu magari mengi yalikuwa hayajatimiza masharti. Mpaka leo watu huziita sheria za Michuki.

Zinafuatwa zote? Hapana. Jioni utaona basi kubwa limesimamisha watu mpaka mlangoni, na mikanda mingine imebaki kamba tupu isiyo na kishikizo. Lakini konda akisema ghafla "fungeni mikanda", funga hata kama umekalia kishikizo chako, kwa maana kaona askari mbele. Gari likiwa limejaa na konda akakwambia upenye usimame kidogo tu, kataa. Askari akisimamisha, abiria aliyesimama naye yumo kwenye kosa, na pasipoti yako ya kigeni haitafupisha mazungumzo.

9. Nganya ni ya kutembelea

Utaiona kabla haijafika, na utaisikia kabla hujaiona. Gari limechorwa sura za wanamuziki na wachezaji mpira kutoka bampa hadi bampa, taa za zambarau, televisheni ndani, spika chini ya viti, na konda ananing'inia mlangoni kwa kidole kimoja. Hiyo ndiyo nganya. Ruti ya Rongai inasifika kwa nganya, na wapwa zangu wanazijua kwa majina kama watoto wa Kariakoo wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga. Wako tayari kuacha magari matatu matupu yapite wakisubiri lile wanalolitaka.

Panda moja, walau mara moja, mchana, ukiwa huna haraka. Hakuna kitu kama hicho Dar, tukubali. Ila usiipande siku ambayo hujui unashuka wapi. Muziki wa mle hauruhusu swali. Nilimpigia konda kelele jina la steji yangu mara tatu, naye kila mara alinijibu kwa dole gumba. Nilifika mwisho wa gari.

10. Simu na dirisha

Usishike simu karibu na dirisha lililo wazi, hasa kwenye jamu katikati ya mji. Mkono unaingia, simu inatoka, na mwenye mkono ameshavuka barabara. Kama unafuata ramani, itazame ukiwa umekaa upande wa ndani. Kule kila mtu anajua hili na hakuna atakayekuhurumia sana.

11. Andika jina la sacco

Ukipanda, tupia jicho ubavuni: pameandikwa jina la sacco na namba ya ruti. Namba ya usajili ya gari iko mbele na nyuma. Inachukua sekunde tano kuviandika. Ukisahau mwavuli au mfuko, una pa kuanzia, kwa sababu kila sacco ina watu wake steji, na watu hao wanamjua dereva wa kila gari. Khanga mbili nilizomchukulia wifi zilibaki chini ya kiti, nikazipata kesho yake kwa njia hii. Konda alikuwa amezikunja vizuri kuliko nilivyozikunja mimi.

12. Wakikatisha ruti

Ugonjwa huu tunaujua. Gari linafika nusu ya njia, konda anaona upande wa pili kuna abiria wengi wa kurudi, na mnaambiwa mshuke. Tofauti ni kwamba Nairobi mara nyingi konda atawahamishia kwenye gari jingine na kumlipa mwenzake, kwa hiyo usianze ugomvi wa Kibongo kabla hujamwona anafanya nini. Fuata kundi. Ukibaki nyuma ukidai haki yako, gari la pili litajaa bila wewe. Kama hakuna gari la pili, hapo sasa dai hela yako, ukiwa na wenzako.

Jambo jingine litakaloshtua ni gari kuacha barabara kuu na kuingia vichochoroni, kupita katikati ya soko, nyuma ya kituo cha mafuta, hata kwenye njia ambayo ni dhahiri ilitengenezwa kwa mbuzi. Hujatekwa. Dereva anakwepa jamu, au askari, au vyote viwili. Tazama wenyeji: wakiendelea kusinzia, nawe sinzia.

13. Ukiunganisha na treni ya Mombasa

Treni ya SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, haiondokei mjini. Kituo chake cha Nairobi kiko Syokimau, nje kabisa, jinsi mabasi yetu ya mikoani yalivyohamishiwa Mbezi. Kuna treni ndogo ya kukupeleka huko kutoka stesheni ya zamani ya katikati ya mji, na kwa maoni yangu ndiyo njia ya pekee ya kwenda Syokimau bila kuomba dua. Kwa matatu asubuhi jipe saa mbili na zaidi. Upande wa Mombasa nako ni vivyo hivyo: unashushwa Miritini, si kisiwani, na kutoka hapo unatafuta matatu nyingine. Habari njema ni kwamba ukifika Mombasa "naomba" yako haimgeuzi mtu kichwa.

14. Ukipotea, rudi tao

Hiki ndicho kidokezo ambacho laiti ningekuwa nacho siku ile ya Kangemi. Nilipogundua kwamba Karen iko upande mwingine kabisa wa jiji, nilifanya kosa la pili, nikaanza kutafuta njia ya mkato. Niliuliza watu watatu nikapata njia nne. Mmoja alinishauri magari mawili na boda, mwingine magari matatu bila boda, na nilikuwa karibu kukubali vyote.

Mwuza mahindi ndiye aliyenisimamisha. Aliniambia niache kuzunguka: Nairobi kila ruti inarudi mjini, na kwenda mtaa mmoja kutoka mtaa mwingine mara nyingi ni lazima upite mjini, upende usipende. Ukipotea, usitafute unakokwenda. Vuka barabara, sikiliza anayeita "tao, tao, tao", ingia, uanze upya ukiwa steji unayoijua.

Basi nikavuka. Gari likasimama, konda akaita "tao finje", na kwa kuwa finje wakati huo sikuijua nilimpa noti ya mia na kumwacha aamue. Akasema nitapata.